Alama Tatu za Kufunga

Kabla Sumeya hajaja, Watiri ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa la kompyuta la Mwalimu Wamae. Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la mbolea mjini Nyeri. Miezi ya baridi ilipoingia, wanafunzi waliketi na majaketi yao mwilini, wakipuliza vidole kabla ya kugusa vitufe. Watiri hakuijali baridi. Alitoka Gakindu, kule Mukurweini, ambako baada ya shule alikuwa amekaa nyumbani akimsaidia mama yake kuchuma kahawa, na katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuwa wa kwanza mahali popote. Shuleni alikuwa mtoto wa katikati, yule ambaye walimu humsahau jina. Hapa Mwalimu Wamae alimwita mbele aonyeshe wenzake, na wenzake walipokwama walisema, "Muulize Watiri."

Sumeya aliingia darasani wenzake wakiwa wameshapiga hatua. Alikuwa msichana wa mtaa wa Majengo, mpwa wa Mwanabibi yule mshonaji wa sare za shule, na alivaa hijabu ya kijivu na sweta kubwa la kiume. Mwalimu alitazama viti, akasema, "Keti hapo na Watiri. Watiri, mwonyeshe."

Naye akamwonyesha. Alimfundisha kufungua faili, kuandika neno kati ya alama za kunukuu na kuangalia rangi yake, na kuiambia kompyuta ilichapishe kwenye kioo. Alipenda kumfundisha. Sumeya alicheka kwa sauti kila jambo lilipofaulu, na saa nne alitoa mandazi ya shangazi yake kwenye karatasi wakala pamoja, wakipangusa mikono ili mafuta yasiingie kwenye kompyuta. Kwa wiki kadhaa walikuwa marafiki, na mtu angemwambia Watiri kwamba atamchukia binti huyu, angemshangaa.

Mambo yalibadilika siku Mwalimu Wamae alipoleta habari za chama cha wakulima.

"Kuna chama kidogo cha kahawa kule Gakindu," alisema. "Wanataka programu ya kutumia wakulima meseji. Siku kiwanda kitafunguliwa, kahawa gani waleta, mambo kama hayo. Sasa sikizeni. Huyo mkulima ako na simu ndogo. Ukimwandikia maneno yote yakifuatana kwa mstari mmoja, hasomi. Lazima ujumbe uwe na mistari. Kila mtu ajaribu. Kamati itakuja hapa ione, na mwenye programu yake itachaguliwa atafanya kazi na wao msimu huu wote."

Moyo wa Watiri uliruka. Hao walikuwa watu wa kwao. Mama yake, Tabby, alikuwa mwanachama wa chama hicho hicho. Alijiona tayari ameketi kwenye ofisi ya chama, akina mama wa kanisani wakipita dirishani na kuambiana kwamba huyo ndiye msichana wa Tabby.

Aliandika ujumbe wake kwa njia waliyofundishwa. Kila mstari aliufungia ndani ya alama zake za kunukuu, mwishoni akaweka mkwaju na herufi *n* ili kompyuta ijue kushuka chini, kisha akaunganisha mstari huo na mwingine kwa alama ya kujumlisha:

"Ndugu mkulima,\n" + "Kiwanda kitafunguliwa Jumanne.\n" + "Leta kahawa yenye imeiva.\n"

Ilikuwa kazi ya jasho. Ukisahau mkwaju mmoja, mistari miwili inashikana. Ukisahau kujumlisha, kompyuta inakataa kabisa. Lakini aliimaliza, ikafanya kazi, akaegemea kiti akiwa ameridhika.

Sumeya alichungulia. "Kwani lazima iwe hivi?" aliuliza. "Maneno yamejaa miba."

"Ndiyo njia yenyewe," Watiri alijibu.

"Na hapo ungesema tu 'kahawa mbivu'. 'Kahawa yenye imeiva' ni Kiswahili cha wapi, Watiri?" Alisema akicheka, bila ubaya wowote. Watiri naye alicheka, lakini uso wake uliwaka. Nyumbani kwao waliongea Kikuyu. Kiswahili alikuwa amekiokota shuleni na sokoni. Sumeya alizaliwa ndani yake.

Kipindi kilichofuata, Mwalimu Wamae alipita nyuma ya viti vyao kama kawaida yake, akasimama nyuma ya Sumeya, asiendelee. Watiri alisubiri amfikie yeye. Hakumfikia. Badala yake aliita darasa zima.

"Njooni muone hii kitu."

Kwenye kioo cha Sumeya palikuwa na maneno haya:

ujumbe = """Ndugu mkulima,
Kiwanda kitafunguliwa Jumanne.
Leta kahawa mbivu pekee.
Ahsante."""

"Mnaona?" mwalimu alisema. "Amefungua na alama tatu za kunukuu badala ya moja. Akishafungua na tatu, kompyuta inanyamaza tu, inachukua kila kitu vile ilivyo, na mistari yake, mpaka aifunge na tatu tena. Hakuna mkwaju, hakuna kujumlisha. Sumeya, nani alikufundisha?"

"Nilisoma tu nikiwa dukani kwa shangazi," Sumeya alisema. "Nilichoka na ile njia ingine."

"Mwalimu," Watiri alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyokuwa nyembamba, "lakini hata yangu inafanya kazi."

"Inafanya, Watiri. Lakini hii inasomeka."

Neno hilo alikwenda nalo hadi chumba alichopanga Ruring'u, mtaa wa pale mjini. Alilisikia akiinjika chai, akalisikia akifua. Hii inasomeka. Kuanzia siku hiyo alianza kufanya kazi mpya ambayo hakuna aliyempa, kazi ya kumchunguza Sumeya. Alijua ni mara ngapi mwalimu ametaja jina lake. Alijua nani ameacha kumuuliza yeye na kwenda kumuuliza Sumeya. Mwai, kijana wa Othaya aliyekuwa akimtegemea kwa kila kitu, alivuta kiti akakaa upande wa pili wa Sumeya. Mandazi ya shangazi Watiri aliyakataa, akidai tumbo linamsumbua, na Sumeya alipomletea tangawizi siku iliyofuata, alikasirika zaidi. Angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi. Lakini Sumeya hakuwa na kiburi, na hilo lilimnyima Watiri hata sababu ya kumsema.

Kilichomuuma kabisa ni kwamba alijua njia ya alama tatu ni bora. Angeweza kuichukua, mwalimu alikuwa ameionyesha kila mtu, na wengi waliibadilisha siku ile ile. Watiri hakubadilisha. Kuitumia kungekuwa kukubali. Akabaki na mikwaju yake na kujumlisha kwake, akiisafisha na kuirudia, mpaka ikawa haina kosa hata moja.

Kamati ilifika asubuhi moja ya ukungu, wazee wawili na mama mmoja, wakiongozwa na mwenyekiti aliyeitwa Simeon. Mzee huyo alimtambua Watiri mlangoni. "Si wewe ni msichana wa Tabby? Haya, leo tutaona." Watiri alitabasamu, akamsogezea kiti.

Mwalimu Wamae aliwaambia wanafunzi mbele ya wageni, "Leo mimi sina mikono. Sitagusa kompyuta ya mtu." Kisha akaenda akasimama dirishani.

Sumeya ndiye aliyetangulia. Alikuwa amevaa gauni jipya la buluu, na Watiri, aliyeketi kando yake akingoja zamu, aliliona hata gauni hilo akaliwekea kinyongo. Simeon aliinama kwenye kioo akausoma ujumbe polepole, kwa sauti, akaupenda. "Imepangwa vizuri. Lakini hapo mwisho, badala ya 'Ahsante', tunaweza weka jina ya chama?"

"Bila shaka, mzee." Sumeya alianza kufuta mstari wa mwisho. Wakati huo huo yule mama wa kamati akamuuliza kama yeye ni wa kwa Mwanabibi, yule aliyewashonea sare za kwaya, na Sumeya, kwa heshima, akainua uso kumjibu huku vidole vikiendelea kufuta na kuandika.

Watiri aliona.

Kwenye programu waliyotumia, maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu huwa na rangi ya kijani. Sumeya alikuwa amefuta alama moja zaidi ya alizotakiwa, na mwishoni pa ujumbe zikabaki mbili. Kompyuta haikuona mahali pa kufungia. Ikaendelea kumeza, na kila kitu kilichokuwa chini ya ujumbe, maagizo yote ya kutuma, majina na nambari za wakulima, vyote viligeuka kijani hadi chini ya kioo, kana kwamba navyo ni sehemu ya barua.

"Angalia mwisho." Maneno mawili yangetosha. Angeweza hata kumgusa kiwiko. Watiri alishika zipu ya jaketi lake, akaipandisha hadi kidevuni, akatazama mbele.

Sumeya alibonyeza. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu.

Alibonyeza tena. Yakaja yale yale. Akacheka kidogo, akasema, "Samahani, wazee," akaanza kupanda na kushuka kwenye kioo, lakini hofu ilikuwa imeshamshika, na mtu mwenye hofu hutafuta kila mahali isipokuwa pale alipokuwa mkono wake dakika iliyopita. Akabadilisha kitu kilichokuwa sawa. Makosa yakawa mawili. Simeon alikohoa, akatazama saa yake. Walikuwa na mkutano mwingine Karatina. Dirishani Mwalimu Wamae alikunja mikono na kuikunjua, lakini alikuwa ameshasema hatagusa kompyuta ya mtu.

"Wacha tuone huyu mwingine," Simeon alisema hatimaye.

Ya Watiri ilikwenda bila kikwazo. Mistari ilijipanga, simu ya Simeon ikalia mfukoni, akaitoa na kuusoma ujumbe, akacheka kama mtoto. Wakamchagua pale pale, bila kungoja za wengine. Wenzake walipiga makofi. Sumeya naye alipiga, kisha akafunga kompyuta, akainuka, akamwambia, "Hongera," na kwa kitambo alimtazama Watiri usoni kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Hakuuliza. Hakurudi darasani tena.

Basi Watiri akapata alichokitaka. Aliketi kwenye ofisi ya chama pale Gakindu, karibu na kituo cha kununulia kahawa, na akina mama walipita dirishani wakimsalimia. Kwa siku chache alikuwa na furaha. Halafu ujumbe ukaanza kubadilika. Kiwanda leo kilihitaji kusema mvua imeharibu barabara, kesho kusema mashine imetengenezwa. Kila mara ilimbidi kuvunja mistari yake na kuiunganisha upya, Simeon akiwa amesimama mlangoni akisema haraka, haraka. Akasahau mkwaju hapa, akasahau pale. Wakulima wakaanza kupata maneno kama "Jumanne.nLeta" na "mbovu.nUsije".

Mama yake alikuwa wa kwanza kulalamika. "Watiri, ile meseji yako imeshikana kama uji yenye imelala," Tabby alisema wakila. "Ati nilisoma nikadhani ni Jumanne tunaambiwa tusikuje. Nikakaa nyumbani."

Ndipo alipomeza kiburi na kujaribu alama tatu. Zilikataa kumtii. Ujumbe ulitoka ukiwa na mstari mtupu juu, na mistari yote imesukumwa ndani kwa mapengo makubwa, kwenye simu ndogo ukawa mbaya kuliko mwanzo. Alijaribu hivi na vile. Simeon alitazama simu yake, akatikisa kichwa. "Yule msichana mwingine," alisema bila kujua anachoma nini, "yake ilikuwa imepangwa vizuri. Ni vile tu ilikataa siku hiyo."

Watiri alitoka nje akasimama nyuma ya ofisi. Alikuwa amemwondoa Sumeya, na bado Sumeya alikuwa anamshinda, bila hata kuwapo.

Mwishowe alikwenda Majengo kuomba msaada, na ukweli ni kwamba sehemu moja ya moyo wake ilitumaini kumkuta Sumeya amenyong'onyea. Angemhurumia, na huruma ingekuwa nafuu. Alimkuta dukani kwa shangazi yake, katikati ya marobota ya vitambaa, akicheka na mteja. Kompyuta ilikuwa wazi juu ya meza ya kukatia. Alikuwa ameandika programu ya kuwajulisha wazazi sare za watoto zikiwa tayari, na simu ya mteja huyo ilikuwa imelia wakati huo huo. Wivu ulimpanda Watiri palepale mlangoni, mpya kabisa.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mwanabibi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye Watiri?" Mwanabibi alimtazama juu ya miwani, kisha akarudi kwenye cherehani.

Mteja alipotoka, Watiri alibaki amesimama na laptopu yake kwapani. Alikuwa amepanga kuanza na shida ya mapengo. Mdomo wake ulianza kwingine.

"Siku ile ya kamati, niliona. Zilikuwa zimebaki alama mbili. Niliona kabla hujabonyeza."

"Najua," Sumeya alisema.

"Unajua?"

"Nilifika nyumbani nikaifungua programu, nikaona kijani mpaka chini. Nikajiuliza, Watiri alikuwa ameketi hapa ubavuni, na Watiri mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuangalia rangi. Sasa hakuona vipi?" Alikunja kitambaa kilichokuwa mbele yake, akakikunja tena. "Nilikaa nikakutafutia sababu. Nikasema labda aliogopa wazee. Kwani ilikuwa nini?"

"Wivu," Watiri alisema.

Cherehani ilinyamaza, kisha ikaendelea.

"Shangazi alikesha akinishonea lile gauni," Sumeya alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilirudi hapa nikamwambia mimi ni mjinga, nimewaaibisha. Nilijiita mjinga siku nyingi, Watiri. Mpaka leo sibonyezi kitu kabla ya kukagua mara tatu. Ungesema neno moja tu, halafu ungenishinda ukitaka. Ningekupigia makofi."

"Ulinipigia."

"Ndiyo. Nilikupigia."

Watiri alianza kulia, na Sumeya hakumbembeleza. Alimwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo laptopu. Na si kwa ajili yako. Hao akina mama wa kahawa hawajanikosea."

Aliangalia kwa muda mfupi tu. "Umesogeza maneno ndani ili yalingane na maagizo yako. Yanapendeza kwako ukiandika, lakini kompyuta haijui unapamba. Ndani ya alama tatu, kila nafasi unayoacha nayo ni maandishi. Rudisha mistari yote ukingoni kabisa. Na usishuke baada ya kufungua. Anza hapo hapo, 'Ndugu mkulima', imegusana na alama." Alirudisha mistari, akabonyeza. Ujumbe ulitoka umenyooka. "Mwenyekiti umemwambia?"

"Kumwambia nini?"

Sumeya alimsukumia kompyuta yake.

Kumwambia Simeon kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani, kwa sababu mzee hakuelewa habari za alama na ilibidi amweleze mara mbili, na kila mara jambo lilisikika baya zaidi. Alipoelewa, alizungusha kofia mikononi. "Msimu umeanza, siwezi kukutoa sasa," alisema. "Lakini huyo msichana nitampigia mimi mwenyewe. Na wewe utakuwa umeketi hapo nikimwambia tulikosea."

Aliketi, akasikia kila neno.

Sumeya alikubali kuja siku moja kuwapangia ujumbe wote wa msimu, si zaidi ya hapo. Kazi ya dukani ilimtosha, alisema. Siku alipokuja Gakindu alivaa lile sweta lake kubwa. Wakulima waliokuwa kwenye foleni ya mizani walisogea kumwona, na wakati wote Watiri aliketi kando akimsomea majina ya vituo. Mchana Tabby aliwapikia, akamshika Sumeya mikono yote miwili, akamwambia Kiswahili chake ni kitamu kama cha redio, akamfungia nduma alizochimba shambani, za kumpelekea shangazi. Watiri aliutazama mkono wa mama yake ukipapasa bega la Sumeya, na wivu ule ule ukamrudia. Aliinuka, akalibeba lile furushi la nduma, akamsindikiza mgeni hadi barabarani.

Njiani hawakuongea sana. Sumeya aliuliza kahawa huwa mbivu mwezi gani, Watiri akamjibu. Gari lilipokuja Sumeya alipokea furushi, akasema, "Haya, Watiri," wala hakusema watakutana lini.

Aliporudi jikoni, mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi.

"Huyo msichana ni mzuri," Tabby alisema. "Mlikuwa mnasoma na yeye hiyo muda yote, na hujawahi kumleta hapa? Kwa nini?"

"Nilikuwa na wivu na yeye, Mami."

Tabby aliendelea kumenya kiazi alichokuwa nacho mpaka kikaisha. "Na sasa?"

"Bado niko nayo."

"Haya," mama alisema, akamsogezea kigoda kingine. "Kuna kisu hapo kwa beseni. Nisaidie hizi, giza isitupate."